Kaburi la Uwanja wa Josho

Kabichi zilikuwa zikiruka hewani sokoni Nunguni kabla jua halijatoka. Mtu wa chini anaokota kutoka kwenye lundo, anamrushia wa katikati, wa katikati anamrushia aliye juu ya lori, na huyo wa juu anapanga. Kazi yenyewe ni hiyo tu, lakini jaribu kuifanya huku ukungu umekukalia shingoni na kabichi imelowa umande, uone kama vidole havitakufa ganzi. Wa katikati ndiye mwenye taabu kuliko wote, maana analetewa upande huu na kuhimizwa upande ule. Hapo ndipo walipomweka Nyamai, na walimweka kwa sababu haangushi.

Alikuwa akidaka kwa mikono miwili na kurusha kwa wa kushoto. Wa kulia ulikataa kunyooka miaka mingi iliyopita. Kiwiko kimebaki kimekunjika kama cha mtu aliyebeba kikapu. Vijana wapya wa kupakia walimtania, ati mkono ulishikwa na stima, naye alicheka pamoja nao. Angewaambia nini? Kwamba mkono huo uliwahi kulipwa mshahara Japani kwa kutupa mpira? Aliwahi kumwambia mmoja wao, na kijana akamwuliza kama alikuwa anacheza namba tisa.

Dalali alikuja na koti lake la ngozi, akatangaza kwamba dizeli imepanda tena, kwa hivyo wapakiaji wavumilie. Dizeli ikipanda ni wapakiaji wanaovumilia. Ikishuka hakuna anayetangaza. Wanaume walinung'unika chini chini kisha wakaendelea kurusha, kwa sababu unga nao ulikuwa umepanda, na ukisusia lori moja kuna wengine kumi wamesimama pale kwa mama wa chai wanangojea nafasi yako.

Siku nyingine Nyamai angekasirika. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kukasirika. Ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi kulikuwa na mgeni. Kocha mmoja wa kike kutoka Japani, aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki kutafuta wasichana wanaojua kutupa mpira wa besiboli, alikuwa amekubali kupitia Nunguni asubuhi moja tu, kisha aendelee na safari yake Uganda. Alikuja kumwona msichana mmoja, Ndila, ambaye Nyamai alikuwa amemfundisha tangu akiwa na sare ya shule ya msingi. Akipendezwa naye, Ndila angepata nafasi ya kusomea na kuchezea chuo cha huko. Asipopendezwa, kuna shamba la mahindi la mama yake, na kuna lori la kabichi.

Simu ilitetemeka mfukoni. Aliibana kwa bega ili asisimamishe kazi.

"Kocha," Ndila alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Kuna tingatinga uwanjani. Wanasema wamekuja kutoa kituta."

Kabichi iliyokuwa hewani ilimpita ikaanguka kwenye matope. Wapakiaji wote wakamgeukia. Nyamai hakuomba radhi. Alivuta kofia yake, akatoka sokoni karibu akikimbia, na nyuma dalali akapiga kelele kwamba asirudi.

Jina lake kamili ni Nyamai Kitonga, ingawa kule kijijini huwezi kulisikia. Mkubwa kwa mdogo wanamwita Kocha, na kuna watoto waliozaliwa na kukua wakidhani hilo ndilo alilobatizwa nalo. Alizaliwa upande wa Zombe, Kitui, kwenye jua lile lisilo na huruma, na utoto wake wote aliumaliza kwenye shamba la mtama akifukuza ndege. Watoto wengine walifukuza kwa kelele. Yeye alifukuza kwa jiwe, na hakutupa mawili mahali ambapo moja lingetosha. Mama yake alipoolewa tena huku milimani Makueni, akaja naye, na shuleni akakutana na mwalimu wa kilimo wa kujitolea, Mjapani mpole aliyeitwa Ogata. Siku moja tumbili aliingia kwenye mahindi ya shule. Nyamai akamtupia jiwe kutoka upande wa pili wa uwanja, likakata tawi alilokuwa amelishika. Ogata hakumwangalia tumbili. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na glavu mbili.

Yaliyofuata unaweza kuyaeleza wakati chai inapoa, ingawa yalimla ujana wote. Alichezea timu ya taifa ambayo hata taifa halikujua lina timu. Ogata alimwandikia klabu moja ndogo ya kwao, wakamwita, wakamtazama, wakampa mkataba. Alikaa chumba cha juu ya duka la tambi na kutupa mpira misimu mitatu, mtu wa kwanza kutoka vilima hivi kulipwa kwa mchezo huo. Watu wazima waliovaa kofia za klabu walilitaja jina lake kwa shida na kulishangilia kwa raha. Msimu wa tatu kocha wao alimtupisha mechi baada ya mechi bila kupumzika kwa sababu timu ilikuwa inashinda, na kiwiko kikachanika. Klabu ikamwinamia kwa heshima, wakamshukuru, wakampa tiketi ya kurudi.

Uwanja wa ndege Nairobi alipokelewa na maafisa wa michezo. Alivalishwa shada, akapigwa picha, akaahidiwa daktari wa mifupa, kazi ya kufundisha, na uwanja. Aliyeahidi kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kijana mmoja mwenye tai nyekundu aliyeitwa Mutiso. Nyamai alimpigia simu mwaka mzima. Mwaka uliofuata namba ikawa haipatikani. Mkono ukapona vile ulivyotaka wenyewe.

Uwanja ulijengwa na wanawake. Kule Nunguni hakuna mahali tambarare; hata ng'ombe husimama miguu ya upande mmoja juu na mingine chini. Palikuwa na mteremko wa zamani wa josho, ambapo mifugo ilikuwa ikioshwa dawa kabla mradi haujafa, na ardhi ilikuwa ya kijiji. Wayua, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha wanawake wa kulimiana kwa zamu, alikuja siku moja akakuta watoto wakicheza na mpira unabingirika mpaka mtoni. Akauliza kwa nini hawachimbi pakawa sawa. Nyamai akasema ni kazi kubwa. Wayua akamwambia kwamba wao wamekata matuta kwenye vilima hivi tangu yeye hajazaliwa, na hakuna mwanamume aliyewahi kuwaambia ni kazi kubwa. Msimu mzima wa kiangazi walikata mlima kwa majembe wakiimba, na wakatoa tambarare moja, ya kwanza na ya mwisho katika kata hiyo.

Katikati yake waliweka kituta. Mtupaji wa besiboli hasimami chini. Husimama juu ya udongo ulioinuliwa, mviringo, na akitupa anateremka nao. Akizoea pale juu, ukimweka chini mpira unakwenda mawinguni. Nyamai aliwaeleza kipimo, wao wakaleta udongo wa kichuguu cha mchwa kwa viondo, wakaulowesha, wakautwanga tabaka kwa tabaka kama wanavyotengeneza kiwanja cha kupuria mtama, wakaufunika kwa majani usipasuke, wakauacha ukomae. Miezi kadhaa hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga. Ulipokomaa ulikuwa mgumu, mwekundu, laini kama sakafu iliyokandikwa. Juu yake Nyamai akazika kipande cha tairi la lori kilichopakwa rangi nyeupe, pale mguu wa mtupaji unapokaa. Kaunti nzima haina kituta kingine.

Alipofika, jasho limeshikanisha shati na mgongo, tingatinga lilikuwa limesimama karibu kabisa na kituta, kile chuma chake cha mbele kimeinuliwa. Injini ilikuwa imezimwa. Wanawake wa mwethya walikuwa wamekwisha kusimama pembeni na majembe yao, wametoka mashambani hivyo hivyo. Ndila alikuwa ameshika glavu kifuani. Karibu na gari jeupe la serikali alisimama mwanamume mnene akiongea na simu, na ingawa tai ilikuwa imetoweka na tumbo limekuja mahali pake, Nyamai alimtambua kabla hajakata simu. Mutiso. Sasa alikuwa afisa wa michezo mwenye dereva wake.

Mutiso yeye hakumtambua. Alimwona mtu mwembamba mwenye matope na majani ya kabichi, akamsalimia kama mtu anavyosalimia mlinzi wa lango, akauliza kama yeye ndiye msimamizi wa hapa. Wanawake wakasema huyo ndiye Kocha. Basi Mutiso akaeleza. Saa nane Mheshimiwa anakuja kutoka Nairobi kuzindua mpango mkubwa wa vipaji vya vijana. Anakuja na chopa. Rubani ameona picha za mahali na amesema hawezi kushuka penye mwinuko katikati, kwa hivyo mwinuko utatolewa. Alisema hayo yote kwa upole, kama mtu anayewaletea habari njema.

Hebu fikiria mwenyewe. Mtu anakuja kuzindua michezo, na cha kwanza kinachofanyika ni kuvunja uwanja wa michezo ili akanyage chini. Nyamai alihisi damu ikimpanda kichwani. Alijizuia, akaongea taratibu. Akasema kesho kuna mgeni, kuna msichana hapa ambaye maisha yake yote yanategemea asubuhi hiyo moja, na bila kituta hawezi kutupa. Akauliza kama chopa haiwezi kushuka uwanja wa shule ya sekondari, dakika tano kwa gari.

"Haiwezekani," Mutiso akasema. "Watu wanataka kuona chopa ikishuka. Mheshimiwa hawezi kufika kwa gari kama diwani."

Akasema pia wasiwe na wasiwasi, Jumatatu ataleta lori la mchanga warudishiwe mwinuko wao, hata mkubwa kuliko huo. Nyamai akajaribu kumweleza kuhusu udongo wa kichuguu na jinsi unavyokomaa. Mutiso akatazama saa. Udongo ni udongo, akasema, kisha akamgeukia dereva wa tingatinga na kumwambia aanze kazi.

Dereva hakuanza. Alikuwa kijana mrefu kutoka kaskazini, jina lake Aftin, aliyekuja na mitambo ya mkandarasi kutoka upande wa Mwingi. Tangu afike hapo alikuwa amezima injini bila kueleza sababu, na sasa aliteremka kabisa, akavua kofia, akasimama kando ya kituta bila kukikanyaga. Alitazama ule udongo uliopangwa vizuri, uliofagiliwa, na kile kibamba cheupe juu yake. Akamgeukia Nyamai, kwa sababu ndiye aliyeonekana mwenye uchungu.

"Mzee, hapa amelala nani?" akauliza. "Mimi siwezi kupitisha chuma juu ya mtu. Hata wakinifuta kazi."

Nyamai kwanza hakuelewa. Kisha akakitazama kituta kwa macho ya mgeni, akaona: udongo mwekundu umeinuka katikati ya tambarare tupu, umetunzwa, una jiwe jeupe. Angekuwa yeye ndiye amekuja na tingatinga kutoka mbali, angefikiri nini?

Na Mutiso naye, Mkamba mzima aliyezaliwa huku huku, uso ulimbadilika. Alirudi nyuma hatua moja. Kwetu unaweza kumnyang'anya mtu shamba, ukamzungusha mahakamani mpaka azeeke, lakini penye kaburi hata dalali mwenye roho ngumu huteremsha sauti. Na tena siku hizi kuna simu. Picha ya chopa ya Mheshimiwa imekalia kaburi la mtu ingefika Nairobi kabla rubani hajazima injini.

"Ni kaburi?" akauliza, karibu kwa kunong'ona. "Mbona hamkusema?"

Hakuna mwanamke wa mwethya aliyejibu. Kila mmoja aliwahi kubeba kiondo cha udongo ule, na kila mmoja alitazama mbele kama yuko ibadani. Wayua alimsogelea Nyamai akasimama bega kwa bega naye. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na Nyamai alikuwa amefundisha vijana Jumapili nyingi kwamba uwongo hauna mdogo wala mkubwa.

"Mwana wakwa, mjibu mtu," Wayua akasema polepole. "Kwa Mungu nitaenda kueleza mimi."

Nyamai akamtazama Ndila. Akamtazama Mutiso, ambaye hata sasa, akiwa karibu kiasi cha kumshika, hakumjua.

"Ni kaburi," akasema.

"La nani?"

"La mchezaji. Alicheza besiboli Japani, akalipwa, akarudi. Anaitwa Nyamai Kitonga."

Alidhani hapo ndipo mambo yatakapoharibika. Afisa atashtuka, atamkazia macho, atacheka. Badala yake Mutiso alivua miwani, akainamisha kichwa, na wakaona kwamba amehuzunika.

"Nyamai," akasema. "Huyo nilimjua. Mimi mwenyewe nilimpokea airport, nikamvalisha shada. Tulimsaidia sana huyo kijana, tukamtafutia daktari, tukamtafutia kazi. Lakini ndio hivyo, wakitoka ng'ambo pombe inawamaliza."

Ndila alifungua mdomo, na Wayua akamshika mkono. Nyamai alikuwa hajawahi kuonja pombe maishani, hata ile ya harusini, na sasa alisimama pale akisikiliza jinsi ilivyomuua. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Mutiso hakuwa anadanganya kwa makusudi. Alikuwa anaamini. Miaka yote hiyo alikuwa amejihesabia ule wema, akaulalia usingizi mzuri.

Kisha Mutiso akapiga simu. Akasema rubani ashuke sekondari. Akasikiliza, akajibu kwamba ndiyo, pako sawa, ni dakika tano tu, Mheshimiwa ataingia kwa gari. Simu yote haikuzidi muda wa kumeza mate. Akamwambia Aftin aondoe tingatinga, na Aftin, kabla hajapanda, akainua viganja vyake juu ya kituta akamwombea marehemu dua fupi.

Wanawake walishikilia vicheko mpaka gari jeupe lilipopotea kwenye kona, na hapo wakaanguka chini kucheka, wakashikana, wakajifuta machozi kwa leso. Walimpa Nyamai pole nyingi kwa msiba wake. Mmoja akamwuliza marehemu kama atakula muthokoi au ameacha vyakula vya duniani. Nyamai alijaribu kucheka nao, akashindwa. Aliketi kwenye nyasi akiuma meno. Watoto walipotajwa, chopa haikuwa na mahali pengine. Maiti alipotajwa, mahali pakapatikana kwa simu moja. Alimwambia Wayua hivyo, na Wayua akaacha kucheka, akasema la muhimu ni kesho.

Saa tisa na zaidi, maana wakubwa hawaji saa waliyosema, msafara uliingia. Mahema yalikuwa yamesimamishwa pembeni, spika zimefungwa, watoto wa shule wamepangwa juani tangu saa sita na vibendera. Nyamai alisimama nyuma ya umati na kofia yake imeshuka usoni. Alifikiri hotuba zitapigwa, maji ya chupa yatanyweka, watu wataondoka.

Lakini Mheshimiwa hakwenda hemani. Alikuja moja kwa moja kwenye kituta, na nyuma yake Mutiso akiwa amebeba shada kubwa la maua, na nyuma yake watu wa kamera. Mutiso alikuwa amefanya kazi yake tangu asubuhi. Mheshimiwa alishika kipaza sauti, akavua kofia, na akaanza kumlilia shujaa wa besiboli aliyelala hapo. Alisema alimfuatilia tangu akiwa mdogo. Alisema serikali ilisimama naye bega kwa bega mpaka dakika ya mwisho. Aliwaonya vijana kuhusu ulevi. Watu wa mwethya walitazama chini, na safari hii hakuna aliyekuwa anazuia kicheko.

"Na kwa sababu sisi ni watu wa vitendo," Mheshimiwa akasema, "mafundi wangu wako hapa na saruji. Leo hii, kabla ya jua kuzama, kaburi hili litajengewa. Tutaweka sakafu, tutaweka jiwe, tutazungusha waya. Kuanzia leo hakuna mguu wa mtoto utakaokanyaga hapa tena."

Watu wa hemani wakapiga makofi. Lori dogo likarudi nyuma kuelekea katikati ya uwanja, na wanaume wawili wakaanza kushusha mifuko ya saruji na nguzo za ua.

Ndila alikuwa amesimama mbele kabisa na wenzake, amevaa sare ya timu kwa sababu waliambiwa wavae. Nyamai aliona mgongo wake. Haukutetemeka wala haukugeuka. Uliinama kidogo tu, kama wa mtu ambaye ameshaanza kuzoea. Hiyo ndiyo aliyoshindwa kuivumilia. Angeweza kufa mara mbili kwa siku moja, lakini si kuona mtoto wa miaka kumi na tisa anajifunza kuzoea.

Alipita katikati ya watu akiwasukuma. Askari wa msafara alipomwona alikuwa amechelewa. Nyamai alipanda juu ya kituta na viatu vyake vya matope, akaweka mguu wa kulia kwenye kile kibamba cheupe, mahali pake. Mama mmoja hemani akapiga yowe. Makofi yakakatika.

Alivua kofia. "Mheshimiwa, mimi ndiye Nyamai Kitonga," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Sijafa, na pombe siijui ladha yake. Asubuhi mliambiwa hapa watoto wanacheza, mkaleta tingatinga. Mkaambiwa hapa kuna maiti, mkaleta maua. Mimi nilidanganya, na nitajibu. Lakini hii saruji irudi kwenye gari."

Mheshimiwa alimtazama Mutiso. Mutiso alikuwa amekodoa macho kwenye ule mkono uliokunjika, na sasa ndipo alipomkumbuka. Kamera ziligeuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Askari akafika, akamshika Nyamai kwenye kile kiwiko kibovu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ataenda naye kituoni, kudanganya afisa wa serikali si mchezo.

"Nitakuja," Nyamai akamwambia. "Sitakimbia. Ngoja huyu msichana amalize mazoezi, kesho ana kazi."

Sijui ni nini kilichomfanya yule askari aachilie. Labda naye ana binti. Nyamai aliteremka, akachukua glavu ya mdakaji kutoka kwa mmoja wa wachezaji, akaenda akachuchumaa mahali pake, magoti yakilia. Akamwita Ndila kwa jina. Ndila akapanda kituta akiwa amepauka uso, akakwangua udongo kwa ncha ya kiatu kama alivyofundishwa, akaangalia glavu wala si watu. Mpira wa kwanza ulikwenda pembeni. Wa pili uliingia kwenye glavu kwa mlio uliosikika mpaka barabarani, na watoto waliopangwa juani wakasahau vibendera vyao wakapiga kelele.

"Kwa hivyo hapa amezikwa nani?" Mheshimiwa akauliza, kipaza sauti kikiwa bado kinafanya kazi.

Wayua alikuja na jembe lake begani, akasimama kati yake na kituta.

"Mheshimiwa, sogea nyuma kidogo," akasema. "Mtoto anataka kutupa."

Mheshimiwa akasogea. Mutiso naye akasogea, na lile shada bado ameliinua mikononi, kwa maana hakukuwa na mahali pa kuliweka.